Sekunde Tatu

Miaka kumi na tisa Sechambo alituvunja mbavu
pale Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu:
mgoni kabatini, suruali mkononi,
mume anatafuta koti lake,
sekunde tatu za kimya,
kisha ukumbi mzima hoi.

Sasa anaandika vitabu vya kutisha.
Kabati ni lilelile. Koti ni lilelile.
Mume ananyoosha mkono,
moja,
mbili,
nami mpigachapa wake naacha mashine
nakwenda kukagua komeo la mlango wa uani.

"Umebadilisha nini?"
Anapuliza chai ya tangawizi.
"Sijabadilisha kitu, Mwanakombo.
Zamani niliwaonyesha kwanza aliyemo ndani."

Tangu siku ile
nguo zangu natundika misumarini.