Kasha la Lari Ishirini

Laptopu ya mama ilikufa mwezi wa Machi,
kioo kikawa buluu, kisha kijivu, kisha basi.
Fundi Gocha, mwenye kibanda karibu na daraja hapa Kutaisi,
aliigonga mgongoni kama mtu anunuaye tikiti maji
akasema: ubao umekwenda, moyo mzima.
Hakusema moyo. Alisema diski.
Moyo nimeuongeza mimi.

Skrubu saba zilionekana, ya nane ilijificha chini ya kibandiko.
Nilizipanga kwenye kisosi.
Diski ikatoka, ya upana wa kiganja, baridi,
nzito kuliko umbo lake,
na unga wa mahindi umenasa pembeni,
maana mama aliandikia jikoni.

Kasha nililipata sokoni kwa lari ishirini:
plastiki nyeusi, kebo fupi ya vichwa viwili,
kimoja cha habari, kimoja cha umeme tu,
kwa kuwa diski ya zamani haishibi tundu moja.
Meno ya dhahabu yakatafuta ufizi wake,
nikasukuma kwa dole gumba, kle!
Kifuniko kikateleza kikajifunga.
Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno.
Taa ikapepesa. Ndani kitu kikaanza kuzunguka
kwa sauti ya paka anayeamka.

Mama alikuwa amesema kwenye simu, toka Bari:
"Futa yote, Tsisana. Nijazie video za mtoto.
Bibi ninayemtunza hulala mapema,
na jioni za huku ni ndefu."

Nikaweka kidole juu ya Futa.
Lakini nani afutaye bila kuchungulia?

Bili za maji.
Picha kumi na nne za paa linalovuja, paa lile lile.
Cheti cha baba cha hospitali.
Na folda isiyo na jina, ndani yake faili moja:
Kiitaliano kushoto, lugha yetu kulia.
Mto. Shuka. Kijiko.
Geuka ubavu.
Inauma wapi?
Taratibu.
Mimi si mwizi.
Naomba Jumapili moja.

Tarehe: Oktoba,
miaka miwili kabla ya usiku ule
alipotuita mezani, akatuambia huku akikata mkate
kwamba kazi imetokea ghafla
na basi ni la keshokutwa.
Ghafla.
Miaka miwili, sisi tumelala,
yeye jikoni anajifunza kusema shuka.
Na mimi, msichana wa miaka kumi na tisa,
nilimfokea mlangoni: mbona una haraka hivyo?

Sikumuuliza kitu.
Niliigawa diski mafungu mawili, kama shamba la urithi:
kubwa la mtoto,
dogo, la upana wa kitanda, la faili lile.
Kisha nikamimina video, usiku kucha, thelathini na tisa:
Erekle akikataa supu,
Erekle akitia sarafu kwenye lifti na kuiamuru ipande,
Erekle akilala, dakika sita, hakuna kinachotokea.

Ijumaa lifti ilimeza sarafu yangu ikakwama ghorofa ya nne.
Nikashuka kwa ngazi na mzigo kifuani
hadi kwa Jumberi, dereva wa basi dogo liendalo Italia:
jibini, chupa mbili za mvinyo wa mjomba,
soksi za sufi, na kasha ndani ya soksi.
"Kuna cha kuvunjika?" akauliza.
Nikasema: chupa.

Siku ya sita mama akapiga.
"Imewaka," akasema.
Nyuma ya sauti yake niliisikia inavyozunguka,
au nilidhani naisikia.
"Ulifuta yote?"
"Yote."
Akanyamaza, muda wa mtu kusoma safu mbili
kutoka juu hadi chini.
Kisha akasema neno moja la Kiitaliano,
lile la kumwambia mgonjwa anayejaribu kuinuka,
akaniuliza kama paa bado linavuja.