Tundu la Nyuma

Morris ya baba ilikuwa inatoa machozi
kule nyuma ya injini, mahali mkono haufiki
mpaka ufungue kwanza karibu kila kitu.
Nikitoka mjini hadi Ipuli tu, maji ya rejeta yameshuka vidole viwili.

Fundi Lugendo, pale Isevya, hakuuliza.
Aliigonga silinda hedi kwa kifundo cha kidole
kama mrina asali anavyogonga mzinga
asikie kama wenyewe wamo.
Kisha akanionesha: kibati, bolti mbili,
kutu imeota pembeni kama ndevu.
"Hapa pana mlango. Kuna mtu aliufunga."

Ziba tu, nikamwambia, nina safari ya Sikonge.

"Usizibe tundu usilolijua kwao.
Liko la maji, liko la mafuta,
liko la kupumulia injini. Hilo ukiliziba leo,
kesho mafuta yatatafuta pa kutokea
na hayatapiga hodi.
Na liko ambalo halina kazi tena,
lilitolea mchanga siku chuma kiliposubiwa, basi."

Akachomeka spoku ya baiskeli, akaivuta, akainusa.
Maji.
Akacheka mpaka kofia ikadondokea kwenye beseni la dizeli.
Hita! Huko ilikoundwa, maji ya moto
yalipita hapa kwenda kupasha watu nyayo.
Nyayo! Tabora hii, ambako mwezi wa kumi
usukani unashikwa kwa kitambaa!
(Haya, Julai alfajiri tunajikunyata.
Lakini hatujawahi kuliomba gari blanketi.)

Kibati kilipobanduka, chini yake palikuwa na karatasi ngumu,
gasketi iliyokatwa kwa mkasi,
imelowa grisi, imeiva miaka yote hiyo.
Nikaigeuza kwenye mwanga.
Saba mara sita.
Saba mara saba.
Saba mara nane, na jibu lake
ndipo bolti ilipopita.

Jalada la daftari langu. Darasa la tatu.
Mwalimu Kapela alinicharaza fimbo nne
kwa daftari lisilo na mgongo,
na jioni nikamsingizia Mihayo, mdogo wangu,
akalala bila kula.
Baba alikuwepo, anamega ugali,
kucha zake nyeusi kwa oili.
Hakuinua kichwa.

Lugendo alikata gasketi mpya kwenye boksi la sabuni,
akasugua kibati kwa msasa juu ya kioo
mpaka kikalala sawa,
akakaza kulia kidogo, kushoto kidogo,
kulia tena. Ile ya zamani alitaka kuitupa.
Nikaitia mfukoni, ikachafua shati.

Injini ikawaka. Tukainama na tochi, tukingoja tone.
Nikampigia Mihayo, yuko Urambo siku hizi, ana tumbaku.
Mihayo, saba mara nane ngapi?
"Hamsini na nne," akajibu upesi, bila kushangaa.
Nikafungua mdomo.
"Unaumwa?" akauliza.

Nyuma ya injini palikuwa pakavu.
Nikasema hapana, siumwi.