Sarafu ya Samaki

Sikuinunua kwa bei ya maana.
Fadhulmula alikuwa anafunga duka, anahamia kwa binti yake Bombo,
akasema, "Ichukue, Okoth, kabla panya hawajaimaliza."
Tukaipandisha watu wanne kwenye pikapu ya mkaa,
tukaifunga kamba kama fahali anayepelekwa mnadani,
na kutoka stesheni hadi kwangu Agururu
nilikaa nyuma nimeikumbatia.

Ilibidi tung'oe fremu ya mlango.
Sasa imesimama sebuleni, kati ya kabati la vyombo
na cherehani ya Nyaketcho,
na ile meli ya angani iliyochorwa ubavuni
imebaki mkia tu.
Nimepangusa kioo mara tatu kwa spiriti.
Vumbi la saruji halitoki lote.
Tororo ndivyo ilivyo, hata ndotoni tunapiga chafya.

Wakati ule mchezo mmoja ulikuwa mia mbili, sarafu ya samaki,
bei ya chapati, nami niliacha chapati.
Nikitumwa mafuta ya taa nilirudi na chupa pungufu,
nikisema imemwagika relini.
Mama hakubisha. Alininusa viganja,
akakuta harufu ya shaba.

Foleni yetu haikuwa ya watu, ilikuwa ya sarafu:
unaiweka yako kwenye ukingo wa kioo, unangoja,
samaki nyuma ya samaki.
Aliyeshika rungu alicheza kwa mikono,
sisi wengine tulicheza kwa mabega.
"Kushoto! Kushoto, we!"
Na vile vidubwana vya kijani vikishuka safu kwa safu,
vikizidi mbio kadiri vinavyopungua,
kama siku za likizo.

Hakuna aliyekuwa kama Oketcho.
Miguu peku, kaptula ya shule imeshikwa na pini.
Hakulitazama rungu. Alisikiliza.
Sarafu moja ilimfikisha magharibi,
na jina lake likakaa juu ya yote, herufi tatu,
maana mashine haikuruhusu ya nne:
OKE.
Kisha umeme hukatika. Mtaa mzima, "Aaaa!"
Na ukirudi, mashine imemsahau kila mtu.
Oketcho hakulalamika hata siku moja.
Alisema tu, "Nani ana samaki?"

Wiki ya kwanza hapa nyumbani nilifungua kile kijimlango cha chini,
nikaunganisha waya mbili, mchezo ukawa bure.
Nikacheza hadi saa saba usiku.
Nilikufa nikafufuka mara arobaini
na sikuogopa hata mara moja.
Ilikuwa kama kula pilau ya arusi peke yako.
Asubuhi nikazitenganisha zile waya.

Mwanangu Opendi alicheza dakika mbili, akauliza,
"Baba, inasevu wapi?"
Haisevu popote, mwanangu.
Akarudi kwenye simu yake.

Juzi lori la Oketcho lililala Malaba, forodha haisogei.
Akaja na bodaboda, kitambi mbele,
miwani ya kusomea inaning'inia shingoni.
Nikampa sarafu. Akaigeuza, akamtazama samaki,
akaipuliza kama zamani.
Alikufa upesi. Akafa tena.
Ya tatu, mabega yake yakakumbuka,
nami nikajikuta nyuma yake napayuka, "Kushoto!"
hadi Nyaketcho akatoka chumbani amejifunga leso,
amekuja kutugombeza,
akasimama, akatazama,
akasema, "Kulia, jamani, kulia! Huyo hapo!"

Pointi zilikuwa haba.
Lakini kwenye mashine tupu haba hutosha:
OKE.

Aliondoka alfajiri, kuelekea Juba.
Leo ni siku ya nne na sijaizima.
Mvua ikinguruma upande wa Mwamba, nashika tumbo.
Na mita ya yaka imeanza kulia, taa nyekundu,
Nyaketcho ameshika pasi, ananitazama tu,
nami nimepiga magoti mbele ya ukuta, simu mkononi,
nabonyeza tarakimu ishirini
moja moja, bila pupa,
kwa kidole kile kile.