Ukuta wa Kusini

Saa sita mchana, hapa Port Pirie,
jua halina bei.
Ndivyo asemavyo kijana Lachlan, karatasi zake
amezipanga mezani pangu kama karata.
Kila paa la mtaa huu linatapika umeme,
nyaya zimeshiba, gridi imesema basi,
na inveta yangu hujizima yenyewe
kama mtoto aliyeambiwa: nyamaza, wakubwa wanaongea.

Tulipopandisha paneli, Mauro yu hai bado,
walitulipa senti arobaini na nne.
Leo nne.
Arobaini imekwenda wapi? namuuliza.
Anakohoa. Anafungua ukurasa wa pili.

Nauza kwa nne mchana, nanunua kwa hamsini jioni.
Dalali wa samaki asingethubutu.

Betri: dola elfu kumi na mbili, fundi mbali.
Itajilipa mwaka wa kumi na moja.
Dhamana inakwisha mwaka wa kumi.
Mimi nina themanini na moja.
Tunacheka wote wawili, kila mtu na kicheko chake.

Na joto haitaki. Bandani haifai,
Januari bandani hata mjusi huhama.
Inataka kivuli: ukuta wa kusini.
Ukuta wa kusini una rafu ya Mauro,
na rafu ina chupa mia na ishirini za nyanya.

Kijana, kuweka akiba ya jua nakujua.
Februari tunachemsha, tunasaga, tunafunga,
mikono myekundu hadi viwikoni,
na Julai, mvua ikigonga bati,
nafungua kiangazi kwa ncha ya kisu.
Sijapiga hesabu ya gesi, ya vifuniko,
wala ya mgongo wangu.
Ningepiga, ningenunua mchuzi dukani.

Mauro aliyeyusha risasi miaka thelathini na minane,
risasi ya betri za magari ya watu.
Alinawa uani kwanza, nguo za kazi hazikuvuka kizingiti.
Usiniambie betri ni safi.
Niambie ni nani anayenawa.

Ila Noelene, nyumba ya tatu, anayo.
Usiku ule wa joto, mtaa ulipozimika,
dirisha lake tu liliwaka.
Tulijazana kwake watu tisa
na mashine ya kupumulia ya Bronek,
tukiitazama namba ikishuka ukutani,
thelathini, kumi na tisa, sita,
hadi umeme uliporudi saa nane kasorobo.
Hilo liko ukurasa wa ngapi?

Lachlan anapekua. Anapekua tena.

Niachie karatasi, namwambia. Chukua chupa moja.

Ameondoka. Nimewasha mashine ya kufulia,
tangi la maji, jiko la maharagwe ya usiku,
vyote saa sita, wakati jua ni la bure.
Kisha nimetoa futi ya Mauro.
Rafu ikisogea mita moja na robo,
chupa za mwisho zitapigwa na jua la asubuhi.
Nusu saa tu, labda.
Nimepima tena.