Chumba Kimeshapata Mtu

Sentensi ya kwanza niliyoijua kwa Kireno
haikuwa asante, wala samahani.
Ilikuwa: chumba bado kipo?
Niliifanyia mazoezi mbele ya friji la mkahawa
huku nikimenya viazi,
ile herufi ya kukwaruza kooni nikiisukuma na kuisukuma
kama chapati isiyotaka kuwa duara.

Jumatatu simu saba.
Kimeshapata mtu.
Jumanne kumi na moja.
Kimeshapata mtu.
Nikaanza kumwazia huyo mtu,
anavyolala Porto nzima kwa usiku mmoja,
vitanda vyote vyake, madirisha yote yake,
kila mlango akinitangulia kwa dakika tano.

Siku hizo tulilala kwa zamu.
Nirajan akirudi alfajiri kutoka ghalani
mimi nikiwa navaa viatu.
Mwaka mzima mimi na mume wangu
tulikutana kwenye joto la shuka.

Deolinda wa jikoni akasema, hebu lete namba.
Akapiga, kiganja kimoja kina unga.
Kipo, wakamwambia. Njoo hata sasa hivi.
Akakata simu. Hakunitazama.
Akafuta meza iliyokuwa safi.

Ndipo nilipomjua yule aliyepanga vyumba vyote:
alikuwa anakaa kwenye sauti yangu.

*

Dona Graciete hakuuliza kwa simu.
Alituuliza ana kwa ana, ngazi sabini na mbili juu,
akihema, mkono kwenye ukuta.
Karatasi za mshahara. Kodi ya miezi mitatu mbele.
Na mdhamini?
Nikamtaja mume wangu.
Huyo, akasema, ni wewe tena.

Mnapika nini?
Nikadanganya: samaki wa kuchemsha.
Nirajan, ambaye hajawahi kunidhamini vizuri hivyo,
akaitikia kwa kichwa: na viazi.

Akahesabu vijiko mbele yetu.
Sita, kimoja kimepinda.
Akaandika: kimoja kimepinda.
Kabati la nguo lilikuwa limesogezwa kidogo,
na nyuma yake ukuta ulikuwa umeota kuvu jeusi,
pana kama koti la mtu mzima.
Mvua ya huku haigongi, inaingia tu.
Yeye aliona kwamba tumeona.
Tukanyamaza wote watatu,
na huo ndio mkataba tulioanza kuutia saini.

Pale chini, kwenye kengele za mlango,
kuna nafasi ya jina, upana wa njiti ya kiberiti.
Khatiwada haikutosha.
Nirajan akaandika, akafuta, akaandika tena,
mwisho akaacha herufi nne
na nukta.

*

Usiku wa kwanza tulilala wote wawili,
kwa wakati mmoja, gizani, kama matajiri.
Sikupata usingizi.
Sikuzoea mtu akiwa bado ndani ya joto lake.

Jumapili nikakaanga binzari nyembamba,
madirisha wazi, taulo chini ya mlango,
na simu ya ukutani ikalia.
Sikujua kama ina uhai.
Dona Graciete alisahau kuliondoa tangazo
kwenye kioo cha duka la mikate.

Sauti ya mwanamke. Sijui wa wapi.
Alivuta pumzi kwanza, kama mtu anayeruka mtaro,
kisha akaimwaga yote kwa mkupuo,
ile herufi ikimponyoka palepale inaponiponyoka mimi:
chumba bado kipo?

Nikasema. Ningesema nini?
Kimeshapata mtu.

Hakukata.
Na mimi sikukata.
Binzari ikaanza kuungua, moshi ukapanda darini,
nyuma yake nikasikia mtoto akikohoa,
na mtu mwingine akimtuliza kwa lugha nisiyoijua.

Mko wangapi? nikauliza.