Barua Kumbukumbu Namba 114

Mkuu wa kitivo kaniletea rasimu ya nne.
"Futa *aliiba*," kasema, "weka *anadaiwa*."
Nimefuta.
Nje, Valdivia kunanyesha kama desturi,
mvua ya wiki ya tatu, isiyo na haraka;
sokoni kando ya mto simba wa bahari wanabweka
wakidai vichwa vya samaki,
na wanapewa.

Anadaiwa. Mwaka wa kumi na tisa huu nachapa barua za kitivo
na sijaona neno linalovaa koti likakaa vizuri kama hilo.
Anadaiwa Profesa Kreutz kutoa kwa jina lake
hesabu ya konokono wa mtoni
iliyofanywa, inadaiwa, na Ayelén Quintupil,
mwanafunzi, majira mawili ya baridi, maji hadi kiunoni.
Chuo kinalichukulia suala hili kwa uzito mkubwa.
Uzito nimeupima: kurasa mbili na bahasha.

Kamati iliitwa mara tatu. Ya kwanza akidi haikutimia.
Ya pili walibishana nani awe katibu.
Ya tatu walikula keki ya tufaha, kaoka mke wa Kreutz.
Sisemi walihongwa. Keki ni keki.
Nami nilikula kipande.

"Hakuna ushahidi wa kutosha." Nimechapa.

Ila daftari lile, Julai ile,
lilinijia limelowa chapachapa kama paka aliyeopolewa kisimani,
na msichana nyuma yake anatetemeka, midomo rangi ya wino.
Nililikausha juu ya jiko la kuni, hapa hapa ofisini,
ukurasa kwa ukurasa, kwa vidole hivi.
Simu ikalia. Nikageuka.
Ukurasa wa kumi na mbili ukaungua pembe.
Niliomba radhi; alicheka, "Konokono hawakuungua, mama."

Kitabu cha Profesa kina picha, ukurasa wa arobaini:
"Kutoka katika daftari la mwandishi."
Pembe imeungua.

Mimi sikuulizwa. Nani huliuliza jiko?

Anadaiwa, basi. Sawa.
Anayedaiwa hulipa.
Barua yao nimeichapa, nimeigonga muhuri,
nimeiweka trei ya kutoka.
Kisha nikavuta karatasi nyingine, isiyo na nembo,
nikaandika tarehe kwa mkono,
na chini yake:
*Mimi, Hortensia Oyarzo, niliyekuwa jikoni.*