Televisheni ya Boksi

Friji la Bwana Haroub lilifika Konde
kabla ya umeme kufika.
Akatia ndani vitabu vyake na kanzu za Idi,
boksi akalitupa chini ya mfenesi.

Tukakata dirisha kwa kisu cha kupaa samaki.
Vizibo vya soda vikawa swichi,
chelewa mbili juu, antena,
na mimi, kwa kuwa nilikuwa mwembamba na muongo,
nikaambiwa niingie.

Kiingilio fulu kumi.
Asiye na fulu, embe bichi.
Asiye na embe akae nyuma, asikohoe.

"Hapa ni Konde," nikasema,
pua nimeibana ili nisikike kama mtu wa mbali.
"Habari kwa ufupi.
Kuku wa Bi Saumu ametaga juu ya kabati
na amekataa kuhojiwa.
Mvua itanyesha kwa kina Faki peke yao,
maana mama yao kaanika makopa.
Bei ya karafuu imepanda mnazi,
mkwezi wa kuiangua hajapatikana."

Mama akapita na ndoo kichwani:
"Watoto wa wenzangu wanasoma,
wangu kahamia boksini."
Maalim naye akasema uongo ni uongo
hata ukipigwa pasi.

Jioni ya nne, au ya tano, akaja Mize.
Hana fulu, hana embe,
mkononi kashika kifungo kimoja cha shati.
"Hii," akauliza, "inaonesha na watu walio Mombasa?"

Konde nzima ilijua:
baba yake alikwenda Mombasa kwa wiki mbili,
na wiki zile sasa zilikuwa na miaka.

Nami nilikuwa na miaka minane.
Mle ndani joto, harufu ya gundi.
Nikangoja mtu mzima aseme neno.
Hapakuwa na mtu mzima.
Nikageuza kizibo.

"Mize," sauti nimeichimba hadi tumboni, "hujambo?"
"Sijambo. Shikamoo."
"Marahaba."
"Nimemaliza Juzuu Amma."
"Mashallah."
"Ng'ombe kazaa."
"Dume au jike?"
"Jike. Unarudi lini?"

Faki akaacha kutafuna.
Ningeweza kusema kesho; boksi halikatai kitu.
Nikasema: "Sijui, mwanangu.
Ila viatu nimeviona. Vyekundu, vya kamba.
Hivi hapa nimevishika."

Akasogea, akapitisha mkono dirishani,
akaniwekea kile kifungo kiganjani.
"Kilidondoka kwenye shati lako."

Masika yakaja, boksi likawa uji.

Siku hizi nipo hospitali ya Wete, zamu za usiku.
Wazee hunishika mkono saa nane,
wananiita Mbwana, wananiita Sharwani,
majina ya watoto wao wasiofika.
Chuoni nilifunzwa kupima presha, kuchoma sindano,
kuandika kwenye faili.
Kuitika sikufunzwa na mtu.
Naitika tu.
"Nipo, baba. Nimefika. Njia ilikuwa na matope."

Juzi alikuja mama mmoja na mjukuu mwenye homa.
Akasoma jina langu kifuani,
akalisoma tena, taratibu,
kama mtu anayegeuza kizibo atafute stesheni.
Kisha akanyoosha mguu, kandambili imekatika kamba,
akanitazama bila kucheka:

"Baba. Vile viatu?"